Hallstatt (Austria): kazi wanakupa, pa kulala hawakupi. Msidanganywe na zile klipu

Wakuu heshima kwenu. Kuna klipu inazunguka kwenye magrupu ya Wabongo wa huku, mdada anatembea Hallstatt anaonyesha ziwa, milima na mnara wa kanisa, anasema hapa ndo pa kuhamia, kazi za hoteli zipo bwerere. Kazi zipo, hapo hajadanganya. Ambacho hasemi ni kwamba pa kuishi hakuna, na hasira zangu ziko hapo hapo.

Kwa wasiopajua, ni kijiji chenye wakazi 700 na kitu, kimebanwa kati ya mlima na ziwa, UNESCO waliingiza eneo hilo kwenye urithi wa dunia 1997, na Wachina wakajenga nakala yake kule Guangdong ikafunguliwa 2012. Kiangazi kikichanganya wanaingia watalii mpaka 10,000 kwa siku. Kwa siku moja jamani! Wote hao wanataka kula, wanataka shuka safi na vyoo visafi, na wanaohangaika nao ni Wahungari, Waromania, Waserbia na mimi Mbongo niliyetoka Vienna kufuata kazi ya jikoni. Sasa sisi tulale wapi?

Nyumba ni za kuhesabu na mlima hauruhusu kuongeza. Hata makaburi hayakutosha, zamani wafu walikuwa wanafukuliwa baada ya miaka kadhaa ili wapishe wengine, mafuvu yanachorwa maua na majina halafu yanapangwa kwenye nyumba ya mifupa pale kanisani. Yaliyochorwa ni zaidi ya 600 na watalii wanalipa kuingia kuyaona.

Mwenye nyumba niliyempata alinipa chumba mwezi wa kumi, wageni wakiwa wameanza kupungua. Kodi ya juu, na dhamana ya miezi mitatu juu yake, nikalipa yote. Nikampelekea fomu ya Meldezettel asaini, maana sheria ya Austria inataka ukihamia mahali ujiandikishe ndani ya siku 3 na anayekupangisha aweke sahihi yake. Akaibandika kwenye mlango wa friji. Njoo kesho, njoo wiki ijayo. Ikakaa pale imeshikwa na sumaku yenye picha ya ziwa, kila nikienda kumlipa kodi naiona, sehemu ya sahihi iko nyeupe vilevile. Kumbe hataki ijulikane chumba kina mtu, kwa sababu Pasaka ikikaribia anataka kukigeuza cha wageni wa siku mbili tatu, na ndicho alichofanya. Alinipigia niko zamu, mikono imejaa unga, ananiambia nimpishe mwisho wa mwezi kuna watu wameshalipia.

Bila ile karatasi benki wananizungusha, barua za serikali zinaenda anwani ya zamani, na kibali cha ukaazi kinakaribia muda wake. Dhamana yangu mpaka leo ananipiga chenga. Huo ni wizi, sina jina lingine.

Bosi nilipomweleza akasema kipo chumba cha wafanyakazi. Nikaenda kukiona, kitanda cha ghorofa, dirisha moja linaangalia mapipa ya taka, na wanakata kwenye mshahara. Tena chumba kinaenda na kazi, ukikwaruzana na mpishi mkuu leo umepoteza kazi na kitanda kwa pamoja. Mtu anayeishi hivyo ataanzia wapi kudai ovataimu yake?

Sasa hivi nalala Bad Goisern, mji wa jirani. Stesheni ya treni ya Hallstatt iko ng'ambo ya ziwa, ukishuka unavuka kwa boti, na jikoni tunapomaliza usiku boti ilishalala zamani. Namtegemea Mserbia mmoja mwenye gari, siku akiwa ofu najua nimeumia.

Wenyeji siwalaumu wote, na wao wamechoka. 2023 walifunga barabara ya kwenye handaki kupinga wingi wa watalii, na mwaka huo huo paliwekwa uzio wa mbao kuziba pale wanapopigia selfi, makelele yakawa mengi ukatolewa. Mabasi ya watalii nayo siku hizi yanaingia kwa kubuku muda. Yaani basi linatengewa nafasi yake mapema, anayempikia aliyemo ndani hajatengewa hata godoro!

Kama una mkataba wa huku mezani, usisaini kabla hawajakuandikia utalala wapi, kwa bei gani, na kazi ikiisha unakaa muda gani kabla ya kutoka. Na anayekupangisha asaini Meldezettel siku hiyo hiyo unayompa hela, asiposaini usitoe hata senti. Mimi wiki hii naenda Arbeiterkammer, ile taasisi ya kutetea wafanyakazi, wananikata 0.5% ya mshahara kila mwezi, wanisikilize.

Walioko Zell am See, Interlaken au miji mingine ya ziwa, nyie mnalala wapi? Na kuna aliyewahi kurudishiwa dhamana bila mkataba wa maandishi? Alianzia ofisi gani?