Naomba ushauri: meli ya mchezoni St. Louis ya daraja la 3, nianze kuboresha bodi (kiwiliwili cha meli) au mfumo wa kulengea?

Mpiga Makasia: Habari za jioni, wakuu. Katika World of Warships, mchezo wa kompyuta wa vita vya manowari, nimefungua kruza (manowari ya ukubwa wa kati) ya Kimarekani St. Louis, yenye mizinga 14 ya milimita 152. Tatizo ni kwamba ni nzito, haina torpedo, na kila nikisogea karibu na adui ninazamishwa mapema. Pointi za uzoefu nilizo nazo zinatosha moduli (sehemu ya meli ya kuboresha) moja tu. Nianzie wapi?

Tezi na Omo: Ndugu, anza na bodi. Mizinga ni 14, lakini inayoweza kufyatua kwa pamoja upande mmoja ni 8: mmoja wa omo, mmoja wa tezi na sita ya ubavuni. Kwa hiyo huwezi kuifaidi meli hii bila kumwonyesha adui ubavu, na ukishauonyesha, utapigwa. Uhai wa ziada unaoletwa na bodi mpya ndio utakaokuwezesha kuvumilia. Fyatua, kisha wakati mizinga inajazwa kata usukani ili makombora yakukute kwa mshazari, halafu rudisha ubavu pale tu inapokuwa tayari.

Baharia wa Usiku: Mimi sikubaliani na mkuu hapo juu. Meli halisi ilikuwa na mwendo wa maili 22 za baharini kwa saa, na hata mchezoni haikimbizi mtu, hivyo umbali wa kufyatua ndio kinga yake. Chukua kwanza mfumo wa kulengea, unaoongeza umbali huo, ukae nyuma ya kisiwa au ya manowari kubwa za upande wako. (Dada yake, meli halisi ya Milwaukee, aliangamia Januari 1917 kwenye ufuo wa California akijaribu kuvuta nyambizi iliyokwama, kwa hiyo kusogelea pasipofaa ni desturi ya ukoo.)

Tezi na Omo: Kukaa mbali na kukosa shabaha hakuleti pointi. Kombora hukawia angani, na distroya (manowari ndogo yenye kasi) yenye nahodha makini huwa imeshageuka.

Fundi Mizinga: Hakuna aliyegusa makombora. Tumia ya mlipuko dhidi ya distroya na manowari kubwa, kwa kuwa huwasha moto. Ya kutoboa deraya yahifadhi kwa kruza iliyokugeuzia ubavu ikiwa karibu, ukilenga usawa wa maji chini ya mabomba ya moshi. Ukiwashwa moto mmoja, usikimbilie kuuzima, kwa sababu utakapowashwa wa pili na wa tatu kikosi cha ukarabati kitakuwa bado hakijawa tayari. Ukizidiwa, acha kufyatua kwa sekunde 20 ili umbali wa kuonekana kwako upungue, kisha ondoka.

Mpiga Makasia: Nashukuru sana, wakuu. Nachukua bodi. Je, nikifungua kruza inayofuata, Phoenix ya daraja la 4, niiuze hii?

Fundi Mizinga: Ibaki bandarini kama una nafasi. Phoenix ina torpedo, lakini deraya yake ni nyembamba, na utaitamani St. Louis mapema sana.