Maji ya mfereji kwa tangi la samaki: kutuamisha, dawa ya chupa au kisima?

Mkaazi_Jangombe
Assalaam alaykum jamani. Ijumaa nataka kubadilisha maji ya tangi langu na kila mtu ananambia lake. Mmoja: weka maji ya mfereji ndooni yalale. Mwengine: nunua dawa ya kuondoa klorini, ile inayotiwa maji ya mfereji kuua vijidudu, agiza Dar. Jirani yangu: achana na yote hayo, njoo uchote kisimani kwangu. Ipi bora? Nijibuni kabla sijatoa pesa.

Mwana_Kikwajuni
Wa alaykum salaam. Tangi lita ngapi? Samaki gani? Filta unayo? Maji yanatoka mferejini moja kwa moja au yanapanda tangi la juu kwanza? Unataka tukupe dawa na mgonjwa hujamtaja.

BiMkubwa_Mbweni
Lala na ndoo zako mwanangu, pesa kaa nazo. Ndoo wazi, siku nzima na usiku wake, klorini inaruka yenyewe. Ukiwa na kijiwe cha hewa ukakitumbukiza humo, inaruka upesi zaidi. Juu funika chandarua, mbu wasitage. Ingawa wakitaga, samaki watakushukuru.

Fundi_Filta
Bi Mkubwa, hiyo ni kweli kwa klorini. Kloramini, yaani klorini iliyoshikana na amonia, haitoki kwa kutuamishwa, utalala na ndoo wiki na bado imo. Mimi napendekeza Seachem Prime, ndiyo dawa ya chupa. Kipimo chake mililita 5 kwa lita 200, kwa hiyo kwa ndoo moja unatumia matone tu. Chupa ndogo inakaa mpaka uisahau kabatini. Ila angalizo: ukimimina maji ya mfereji moja kwa moja tangini, piga hesabu ya tangi zima, si ya ndoo uliyoongeza.

BiMkubwa_Mbweni
Na nani kakwambia hapa kwetu wanatia kloramini? Hapa hutiwa klorini, tena siku nyengine huisikii kabisa, siku nyengine maji yananuka kama bwawa la hoteli.

Fundi_Filta
Ndio hoja yangu. Kama hujui leo wametia kiasi gani, utategemeaje pua?

Nungwi_Poolside
Natunza mabwawa ya kuogelea huku Kaskazini. Mnabishana bure, kipimo kipo. Kile kiboksi cha vichupa: cha DPD maji yanageuka waridi, cha OTO yanageuka manjano. Pima klorini huru, halafu pima jumla. Jumla ikizidi, ziada hiyo imo katika kloramini. Zikilingana, Bi Mkubwa kashinda. Muulizeni kijana yeyote wa bwawa, hatowanyima matone mawili. Maji ya kunywa kwa kawaida huachwa na klorini ya miligramu 0.2 mpaka 0.5 kwa lita. Kwa mtu si kitu, kwa matamvua ya samaki ni balaa.

Mkaazi_Jangombe
Samahani, nilikuwa kazini. Tangi lita 60 hivi. Samaki wadogo wa rangi. Maji ni ya tangi la juu.

Mwana_Kikwajuni
"Wadogo wa rangi" ndio samaki gani?

Pwani_Mchangani
Hilo tangi la juu limenikumbusha, wacha niwape kisa. Mwaka ule wa kipindupindu mtaani kwetu walipita vijana wakigawa vidonge vya klorini vya kutibu maji. Mjomba wangu, mtu wa tahadhari, akavimimina tangi la juu bila ya kumwambia mtu. Mimi sina habari. Usiku nikabadilisha nusu ya maji ya tangi langu la samaki wa molly, kama kawaida yangu. Sikumaliza hata kukunja mpira. Wote juu, midomo wazi, matamvua yanapigapiga, mmoja anakwenda upande upande kama mlevi. Nikadhani umeme umekatika na pampu imesimama, nikaitazama, inafanya kazi. Ndipo nikanusa mikono yangu. Nilikimbia kwa jirani kuomba maji yaliyolala, nikatoa haya nikatia yale, na asubuhi waliobaki walikuwa wachache. Kibaya zaidi, bakteria wa kwenye sponji ya filta, wale wanaokula amonia ya uchafu wa samaki, nao walikufa, kwa hiyo wiki iliyofuata amonia ikapanda, na wale walionusurika nao wakaanza kuondoka. Mjomba mpaka leo anasema samaki waliogopa radi.

Tokea hapo sibadilishi zaidi ya robo kwa mara moja, na hata maji ya tangi la juu nayalaza.

Fundi_Filta
Pole sana ndugu yangu. Hiyo ndiyo siku ambayo chupa ingekulipa.

Mzee_Shangani
Vijana mnaagiza vitu Dar wakati zamani tulichukua dawa iitwayo "haipo" (hypo) kwa wapiga picha. Chembe chembe kama chumvi, inaua klorini papo hapo. Kitu ni hicho hicho.

Nungwi_Poolside
Shikamoo mzee. Ni kweli, ndiyo sodiamu thayosulfeti. Lakini iwe zile chembe safi tu. Maji ya kusafishia picha yaliyokwisha kuchanganywa yana tindikali na mengineyo, hayo usiyatie. Tena kama kuna kloramini, hiyo "haipo" inaivunja na kuacha amonia nyuma. Maji yetu haya magumu, yana chokaa nyingi, pH (kipimo cha tindikali na chokaa) iko juu, na pH ikipanda amonia ndiyo inazidi sumu.

Mzee_Shangani
Marahaba. Sikusema unywe.

Wete_Kwetu
Sisi Pemba tunakinga mvua, tumemaliza. Klorini haimo.

Mwana_Kikwajuni
Yakhe, na vumbi la bati je? Mvua ya kwanza iache ioshe paa. Halafu mvua tupu haina madini, pH inaweza kuanguka ghafla. Changanya na ya mfereji.

Wete_Kwetu
Mapaa yetu masafi, labda ya Unguja.

Mkaazi_Jangombe
Ni guppy, na neon sita. Na kile kisima cha jirani?

Mwana_Kikwajuni
Haya, sasa tunazungumza. Kisima hakina klorini kama hakikutiwa dawa, lakini kiko mbali gani na choo? Hapa chini yetu ni jiwe la matumbawe, linapitisha kila kitu, kwa hiyo naitreti, alama ya maji ya choo, ipime kwanza. Visima vilivyo karibu na pwani vina chumvichumvi pia. Na maji yakitoka chini hayana hewa ya kutosha, lazima uyapulizie. Guppy hawatojali ugumu wake. Neon ni wa Amazon, wao hutaka maji laini, hawa ndio watakaokusumbua, dawa utie usitie. Ukitazama ule ukoga mweupe ndani ya birika lako, utajua ninachosema.

Fundi_Filta
Ndiyo maana mimi nafuga wa Ziwa Tanganyika. Kule pH inafika 9, maji yetu ya mawe kwao ni nyumbani.

Pwani_Mchangani
Mbona mnakwenda mbali, na sisi tuna wetu? Nothobranchius guentheri, mkia mwekundu, kwao ni Unguja hii hii, katika madimbwi ya mvua. Dimbwi likikauka wakubwa wanakufa, mayai yanabaki kwenye tope yanangoja mvua. Wazungu wanawafuga miaka mingi, sisi tunapita na baiskeli juu yao.

Wete_Kwetu
Pemba wapo?

Pwani_Mchangani
Huyu anatajwa wa Unguja tu.

Wete_Kwetu
Mnatuonea kila kitu.

BiMkubwa_Mbweni
Mayai kwenye tope! Ukiyapata nitumie picha. Maji yake unayatibu vipi?

Pwani_Mchangani
Kama guppy, bila klorini. Wapo wanaotia chumvi kidogo kuzuia velveti, maradhi yanayowapenda sana hawa.

Mkaazi_Jangombe
Nimejaza ndoo mbili usiku huu, maana mchana maji ya tangi la juu yanatoka ya moto. Na dawa nimeagiza pia. Kisima nimekiacha, choo chake nakijua. Neon hao kuna anayewataka?

Nungwi_Poolside
Na maji laini tuyatoe wapi?

Wete_Kwetu
Mvua! Walete kwa boti.

Mzee_Shangani
Kuna mwenye pampu ya hewa ya betri ya kuuza? Umeme kwetu siku hizi hauaminiki.