Sekstanti ya marehemu babu: tuisugue ing'ae au tuiache? Naombeni ushauri

MwanaShangani: Wakuu asalaam aleikum. Babu yetu alikuwa baharia wa meli kubwa, kafariki kaacha kisanduku cha mbao ndani mna kile kidude cha kupimia jua, sekstanti. Shida ni nyeusi tii na haina mwaka popote, wakati duka la watalii hapa mtaani nimeiona nyingine inang'aa kama dhahabu imechongwa 1917. Ami anasema ya kwetu feki, tuisugue kwa ndimu na majivu tuuze hivyo hivyo. Nifanyeje?

FundiSaa: Mzuie ami yako sasa hivi!! Shaba ilipakwa nyeusi makusudi isimuakie mtu machoni juani. Hizo za kung'aa zenye 1917 zinatengenezwa mpaka leo kwa pambo la mezani. Angalia tao la namba, je kuna utepe mweupe umepachikwa ndani ya shaba?

MwanaShangani: Upo, mwembamba, vistari vyake mpaka nitumie lenzi.

FundiSaa: Hiyo ni fedha mkuu, inapokea mstari mwembamba kuliko shaba. Zamani fundi aligawa digrii kwa mkono na bikari, chombo kimoja kazi ya siku nyingi, mpaka Jesse Ramsden wa London miaka ya 1770 akaunda mashine yenye gurudumu la meno 2160, ukizungusha skrubu mara moja gurudumu linasogea dakika 10 za digrii, kwa hiyo mara 6 digrii moja. Ndo sekstanti zikawa ndogo na bado sahihi. Ukisugua ule utepe vistari vinafutika, umebaki na chuma chakavu.

Pweza_Mkavu: mbona tao ni kama digrii 60 tu na namba zinafika 120? si ndo ufeki wenyewe

FundiSaa: Hapana, kioo kilicho kwenye mkono wa sekstanti unaosogea kikigeuka digrii 1 mwale unageuka 2, ndo maana namba ni mara mbili. Jaribu hivi: sifuri ya kile kipimo kidogo cha kwenye mkono huo ilaze sawasawa na mstari wowote wa tao. Mstari wake wa mwisho lazima nao ukutane na wa tao, ya katikati isikutane. Za pambo zinafeli hapo.

MwanaShangani: Nimejaribu mara tatu, inakubali! Halafu nimeenda nayo Paje, nimeweka sifuri nikatazama upeo wa bahari, ule halisi na wa kwenye kioo ni mstari mmoja umenyooka. Ila ami alishasugua kiguu kimoja, kinameremeta peke yake.

Pweza_Mkavu: 😂😂 kiache hivyo hivyo