Mjadala: Chewa mkubwa akinaswa, arudishwe majini au apelekwe mnadani?

Mleta hoja, Mikindani
Mwaka 1985, kwenye Mto Kenai kule Alaska, mvuvi wa ndoana alimtoa samoni aina ya chinook wa kilo 44. Kwa ndoana hajapatikana mwingine wa kumpita. Samoni wa aina hiyo wameendelea kupungua, umbo na idadi, na mwaka 2023 uvuvi wao mtoni humo ulifungwa. Huko wanabishana kama jitu likinaswa lirudishwe. Nauliza kwetu: chewa wa kilo 30 na kuendelea wanaonaswa nje ya Msimbati, pwani ya Mtwara, BMU zetu (vikundi vya wavuvi vya kusimamia fukwe na uvuvi) ziweke kanuni warudishwe? Mimi nasema ndiyo. Samaki mkubwa hutaga kupita uwiano wa uzito wake: chewa wa bahari ya Atlantiki (cod, si jamii moja na chewa wetu) mwenye kilo 30 hutoa mayai mengi kuliko majike 28 ya kilo mbili mbili, ambayo kwa pamoja yana kilo 56.

Mchuuzi, Feri ya Mtwara
Napinga, mkuu. Wa Kenai amelipia burudani. Akimwachia samaki, nyumbani kwake jiko halizimiki. Mvuvi wetu ametoa mafuta, barafu na chambo, na mara nyingi chewa mmoja mkubwa ndiye anayerudisha gharama ya safari nzima. Halafu mnasema "mrudishe" kana kwamba yuko hai. Chewa wa kina kirefu akifika juu macho yamemtoka, tumbo limevimba, anaelea. Ukimwachia hapo umemlisha papa na mvuvi kakosa riziki.

Mkufunzi wa uvuvi, Lindi
Dada mchuuzi, kuelea kuna sababu na kuna dawa. Hewa iliyo kwenye kibofu cha samaki hutanuka mgandamizo wa maji ukipungua. Kwenye mita 30, kama pima 16, mgandamizo ni mara nne ya ule wa juu, kwa hiyo samaki akivutwa hewa ile inataka nafasi mara nne. Inasukuma macho, inapindua tumbo hadi litokeze mdomoni. Wengi hulitoboa hilo wakidhani ndilo kibofu. Silo, ni tumbo lenyewe, na jeraha lake laweza kumuua.

Dawa ni kumrudisha chini haraka. Chukua ndoana kubwa, bana kijino chake kwa koleo kilale kabisa. Funga kamba ya kushushia kwenye mpindo wa ndoana, na chubwi au jiwe la kilo 3 hadi 5 kwenye tundu lake, ili ndoana ininginie kichwa chini. Ichomeke mdomo wa chini, mshushe. Hata mita 10 tu hewa inarudi nusu, lakini mfikishe chini kabisa, kisha vuta kamba kwa nguvu: ndoana inachomoka yenyewe. Asiposhuka, uzito hautoshi, ongeza jiwe.

Kabla ya hapo asipandishwe chomboni. Mng'oe ndoana akiwa ubavuni, majini. Kumning'iniza kwa mashavu apigwe picha, kilo zote hizo zikivuta taya, ni kumvunja. Akiwa ameimeza, kata uzi karibu na mdomo. Ndoana ya chuma cha kawaida italika kwa kutu, ya chuma kisichoshika kutu itabaki. Kazi hii yote inataka dakika mbili tatu, na vifaa viwe tayari kabla mshipi haujatupwa.

Mzamiaji, Msimbati
Kaka mleta hoja, hesabu ya mayai haitufai nzima nzima. Chewa wetu wengi huanza maisha wakiwa majike, wakikua ndipo baadhi hugeuka madume. Ukivua wakubwa tu unamaliza madume. Ukivua wa kati tu, unamaliza mama zao. Kanuni ya kilo 30 peke yake inaacha mlango mmoja wazi. Muhimu zaidi ni miamba wanakokusanyika kutaga, palepale mwaka hadi mwaka. Mshipi ukigundua mahali hapo, kundi linaisha kwa misimu michache. Pafungwe siku zile, hata kwa mvuvi wa chombo kidogo.

Mchuuzi, Feri ya Mtwara
Kufunga tunakujua, Songosongo wamefunga miamba ya pweza na ikazaa. Ila pweza anakua kwa miezi. Chewa ni miaka mingi, nani atasubiri na watoto wanataka ada?

Mkufunzi wa uvuvi, Lindi
Ndiyo maana kufunga kuwe kwa siku za kutaga tu, miamba mingine ibaki wazi mwaka mzima.

Mleta hoja, Mikindani
Nakubali nyongeza ya mzamiaji. Tayari tuna Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma tangu mwaka 2000, kwa hiyo mazungumzo ya kufunga mwamba si mageni.

Mchuuzi, Feri ya Mtwara
Basi andikeni na jarife, ule wavu mkubwa wa kutega. Mshipi unaweza kumchagua samaki na kumwachia. Jarife likilazwa usiku kucha, asubuhi chewa amekufa, kamba yenu na jiwe havina kazi. Mkiwabana wa mshipi mkamwacha wa jarife, hapa Feri hampati saini yangu. Likiandikwa, naisaini kanuni na wenzangu nawaeleza mwenyewe.