Singeli siyo sanaa? Plato mmemsoma wapi nyie?

Wakuu habari za mida hii. Nina hasira tangu juzi na zimegoma kushuka, kwa hiyo leo nazishusha hapa.

Juzi nilienda kwenye mjadala wa sanaa na falsafa kwenye chuo kimoja hapa Dar, jina naliacha. Mhadhiri mmoja akasimama akasema singeli, huu muziki wetu wa uswahilini, siyo sanaa, ni fujo tu, mdundo unaokimbia vile unamharibu kijana akili, na eti Plato, yule mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, angeipiga marufuku siku ya kwanza. Ukumbi ukalipuka makofi. Nikanyoosha mkono nikamwambia mwalimu samahani, Plato wa kitabu gani huyo? Nikajibiwa kaa chini kijana, muda umeisha. Muda gani uliisha na wao wakaendelea kuongea dakika ishirini nzima?

Sasa mi nasema hapa. Kwenye Jamhuri ya Plato, kitabu cha tatu, pale Sokrates na wenzake wanapopanga muziki wa kuruhusiwa kwenye mji wao wa kufikirika, vinavyotupwa nje kwanza ni mitindo ya maombolezo, halafu inafuata ile laini laini ya kwenye ulevi. Inabaki mitindo miwili tu ya Kigiriki, Dorian na Phrygian, na mmoja kazi yake ni kutoa sauti ya mtu shujaa aliyeko vitani, mambo yamemgeukia, kifo anakiona na bado kasimama. Haya niambieni, kati ya MC wa singeli anayetema maneno jasho linamtoka na zile nyimbo za kulialia mapenzi mlizotupigia ukumbini wakati tunamsubiri mgeni rasmi, nani angefukuzwa wa kwanza?

Na hao wanaosema ni fujo nina uhakika hawajawahi kukaa kwenye chumba inapotengenezwa. Mi nimekaa, Mburahati hapa hapa Dar, chumba kidogo trei za mayai zimebandikwa ukutani, feni imezimwa maana ikiwaka maiki inaikamata, joto mpaka shati unakamua. Dogo yuko kwenye laptopu ambayo baadhi ya batani zimeshang'oka, kachukua kipande cha kinanda cha taarab ya zamani, sekunde mbili hivi, anakikata, anakizungusha, anakipandisha spidi, anasikiliza, anatikisa kichwa hapana, anafuta anaanza upya. Alirudia hivyo kutwa nzima kwa sababu kuna mlio mmoja ulikuwa unachelewa, mlio ambao mimi wala siusikii! Biti za singeli zinaenda mapigo 200 mpaka 300 kwa dakika, kwa spidi hiyo ukikosea kidogo tu MC anajikwaa na kila mtu anasikia. Sasa kama huo siyo ufundi, ufundi ni nini? Na wala haukuanguka kutoka mawinguni, nyuma yake kuna mchiriku, muziki wa uswahilini uliotangulia, na vile vinanda vidogo vya Casio, na nyuma ya mchiriku kuna ngoma za Wazaramo.

Afu mnamruka Aristotle, mwanafunzi wa Plato, makusudi. Yeye kwenye maandishi yake yanayoitwa Siasa, kitabu cha nane, anaongelea watu wanaopandwa na mori, wanapigiwa nyimbo za kupandisha hiyo hiyo hali, wakishatoka hapo wametulia kama waliopewa dawa. Mtoto wa uswahilini hahitaji digrii kulielewa hilo, bibi zetu wamepunga pepo kwa ngoma, na ngoma ya kupunga haianzi kwa kubembeleza, inaenda na mgonjwa, inapanda, inapanda, mpaka kilichomo kitoke. Kijana aliyeshinda juani anabeba mizigo Manzese, hela kapewa nusu, usiku akaenda kucheza singeli mpaka miguu ikaisha, akarudi kalala bila kumpiga mtu. Mnataka apigiwe nini, zumari?

Matusi kwenye baadhi ya nyimbo yapo, sikatai, na vigodoro, zile sherehe za mtaani za mpaka alfajiri, mwenye mgonjwa ndani anaumia kweli, hilo nalikemea na mimi. Ila hayo ni ya kuyashughulikia kama tabia. Taarab nayo ina mafumbo ambayo ukiyafumbua mbele ya mkweo utakimbia, na mbona hamuivui usanaa?

Kilichonimaliza kabisa ni kwamba mhadhiri huyo huyo asubuhi yake alitusifia Stravinsky, yule mtunzi Mrusi ambaye baleti yake ilizua zomeazomea ukumbini Paris mwezi wa tano 1913, mdundo unagonga kwa ubabe na masikio ya watu hayajauzoea. Huo kwake ni ujasiri wa msanii. Wa Mburahati ni fujo. Mwaka 2017 lebo moja ya Kampala ikatoa mkusanyiko wa hawa hawa madogo, watu wa Ulaya wakawaita stejini, sisi bado tunawaambia wakae chini.

Na kitu cha mwisho, maana najua kuna mtu atakuja kuniambia Plato alikataa pia midundo iliyochanganywa sana. Ni kweli, kaikataa. Ila soma mistari inayofuata, Sokrates anafika kwenye swali la mdundo upi unabeba tabia gani na anasema hilo tutamuuliza Damon, mtu wa muziki. Yaani hata humo kitabuni kabla ya kufukuza mdundo wanataka wamuulize mwenye fani. Juzi pale mbele kulikuwa na viti sita, hakuna prodyuza hata mmoja aliyekalishwa, hakuna MC, na spika mbili kubwa zilikuwepo lakini hakuna aliyetupigia hata nusu dakika ya hicho tulichokuwa tunakihukumu.