Kadi ya basi ya mama inakataa kabla ya saa tatu asubuhi, nifanyeje?

Binti wa Manor Park

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za huko mliko.

Mama yangu ana miaka 69, anakaa na mimi Manor Park, mashariki ya London. Ana Freedom Pass ya wazee, kadi ya kupanda basi bure, na kwa kweli imempa uhuru. Anapanda basi kwenda msikitini, anakwenda Green Street kununua mihogo na bamia, anawatembelea rafiki zake Stratford, haombi nauli kwa mtu. Shida ni asubuhi. Ana kisukari, na kuna vipimo vya damu ambavyo lazima aende hajatia kitu mdomoni tangu usiku. Wanampangia saa mbili na nusu, au saa tatu kasorobo.

Juzi nilikuwa zamu, akatoka peke yake. Kugonga kadi, mashine ikawaka nyekundu. Dereva akamwambia saa tatu bado. Mama akafungua pochi akatoa sarafu, dereva akasema pesa taslimu hapokei. Nyuma yake watu wamejipanga, kila mmoja anakimbilia kazini. Akashuka, akakaa kituoni na baridi ile na njaa yake mpaka saa tatu. Alipofika wakamwambia muda wake umepita, apange siku nyingine. Niliporudi hakulalamika hata kidogo. Aliniuliza tu kama kadi yake imefutwa.

Naomba mnisaidie. Hii sheria ni ya London nzima au mtaa wetu tu? Mgonjwa hawezi kuruhusiwa mapema? Maana siwezi kumwona mama anateremshwa garini tena.

Shangazi wa Ilford

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa mama. Mwambie kadi haijafutwa. Ni London nzima: Jumatatu hadi Ijumaa, kuanzia saa kumi na nusu alfajiri mpaka saa tatu asubuhi, kadi ya mzee haifanyi kazi. Jumamosi, Jumapili na sikukuu za serikali anapanda saa yoyote. Na hizo sarafu azirudishe nyumbani, mabasi ya London hayapokei pesa taslimu tangu 2014.

Haikuwa hivi zamani. Kuanzia 2009 Freedom Pass ilikuwa ya saa 24. Ikaja korona, watu wakaacha kupanda, mamlaka ya usafiri ikakaukiwa, serikali kuu ikatoa fedha kwa masharti. Sharti mojawapo likawa wazee wasipande bure asubuhi. Ilikuwa Juni 2020, na tuliambiwa ni ya muda. Januari 2023 ikafanywa ya kudumu.

Mimi nina miaka 63. Umri wa Freedom Pass sijaufikia, kwa hiyo natumia 60+ Oyster, kadi ya bure ya wenye miaka 60 na kuendelea, lakini saa zake ni zile zile. Nasafisha ofisi kule City, mtaa wa maofisi katikati ya London. Sasa iangalie vizuri hiyo saa kumi na nusu. Mabasi ya huku kwetu yanatembea usiku kucha. Ukigonga saa kumi na dakika ishirini na tano, bure. Ukigonga saa kumi na dakika thelathini na tano, unalipa. Kwa hiyo sisi wanawake wa umri huu tunatoka nyumbani mapema kuliko kazi inavyotaka, tunafika jengo limefungwa, tunasimama mlangoni na flaski zetu za chai mpaka mlinzi aje kufungua. Na tukimaliza kazi saa mbili na nusu, miguu imevimba, tunakaa tena kusubiri saa tatu ndipo turudi nyumbani.

Wanasema ni kupunguza msongamano. Saa mbili asubuhi nakubali, mabasi yanajaa watoto wa shule mpaka mlangoni. Lakini saa kumi na moja alfajiri msongamano uko wapi? Garini tupo wasafishaji, walinzi, na wauguzi wanaotoka zamu. Mtu mwenye pensheni nzuri hatoki saa hiyo, anaisubiri saa tatu na gazeti lake. Anayebanwa ni mgonjwa kama mama yako, na mzee ambaye bado anafanya kazi kwa sababu kodi ya nyumba haimsubiri. Hilo linaniuma kila siku ya kazi, na nitalisema mbele ya yeyote.

Sasa cha kufanya. Mnunulie Oyster ya kawaida, ile kadi ya kulipia nauli, weka pauni kumi ndani, aibebe pochini. Nauli ya basi mwaka 2025 ilikuwa pauni 1.75, na akibadilisha basi ndani ya saa moja halipi tena. Mfundishe kuitoa kadi moja tu wakati wa kugonga, asigonge na pochi nzima, mashine itachanganya.

Na kuna Freedom Pass ya walemavu, hiyo inafanya kazi saa zote kwenye mabasi ya London. Kisukari peke yake hakitoshi. Lakini kama kimeshamwingia miguuni, akawa hatembei vizuri kwa muda mrefu, ana haki ya kuomba.

Konda Mstaafu, Dar

Dada pole, na Shangazi heshima yako. Mimi nilikuwa konda, ruti ya Mbagala na Kariakoo, na mambo haya yananigusa. Huku kwetu mwanafunzi ana nauli yake ndogo iliyopangwa na serikali, lakini mwenye gari hafidiwi hata senti. Jioni tajiri anataka hesabu yake kamili. Ndiyo maana asubuhi unawaona watoto wenye sare wamerundikana kituoni, konda anawazuia kwa mkono, anaita watu wazima. Nimeyaona sana, na sikuwahi kuridhika nayo, mtoto anafika shule kipindi cha pili.

Swali langu: huko, mzee akipanda bure, nani anamlipa mwenye basi?

Mtu wa Glasgow

Kaka Konda, kaunsili, yaani serikali ya mtaa, ndiyo inayolipa. Huko London kaunsili za mitaa zinachanga kwa ajili ya Freedom Pass. England iliyobaki, tangu 1 Aprili 2008 mzee anapanda basi la kawaida bure popote ndani ya England, siku za kazi kuanzia saa tatu na nusu asubuhi hadi saa tano usiku, na kaunsili inazifidia kampuni za mabasi. Kaunsili ikitaka kuwaongezea wazee wake saa, inaruhusiwa, ila inatoa mfukoni mwake. Ndiyo maana dereva hana sababu ya kumkwepa mzee kituoni: akigonga kadi, kampuni italipwa.

Binti, ukitoka na mama nje ya London mkumbushe hiyo nusu saa ya ziada, maana Freedom Pass huko inafuata saa tatu na nusu.

Huku Scotland ni miaka 60 tu na saa yoyote, hata mabasi ya mbali. Mama mkwe wangu anapanda la asubuhi mapema kwenda Inverness halipi kitu. Tangu Januari 2022 hata vijana walio chini ya miaka 22 wanapanda bure. Wales nao ni 60, bila kizuizi cha saa. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba haiwezekani. Ila kadi ya London huku haifanyi kazi, mama akija kututembelea aje na nauli.

Binti wa Manor Park

Ahsanteni sana, wote. Nimepiga simu kliniki leo mchana. Nikawaeleza habari ya basi, dada aliyepokea hakuwa anaijua kabisa. Kumbe Jumamosi asubuhi wana nafasi za kutoa damu, hakuna aliyewahi kumwambia mama. Wamempa Jumamosi hii saa mbili na robo, na atapanda bure. Oyster nimemnunulia vilevile, nimeifunga utepe mwekundu aitofautishe.

Shangazi, miguu kweli inamsumbua, ana ganzi nyayoni tangu mwaka jana na ngazi hazipandi tena. Hiyo kadi ya walemavu naanzia kwa daktari au kaunsili?

Shangazi wa Ilford

Anzia kaunsili, mwanangu. Jaza fomu yao kwanza, eleza hiyo ganzi na hizo ngazi kama ulivyotuandikia hapa. Wao ndio watakaosema wanataka ushahidi gani. Usimlipe daktari barua kabla hawajaiomba.

Na hiyo kadi aliyonayo sasa asiirudishe mpaka ashike mpya mkononi.