Kwenda uwanja wa ndege: teksi, treni, basi au boti?

Kipima_Saa: Msilinganishe kwa muda wa kawaida, linganisheni kwa muda wa siku mbaya. Teksi ya dakika 40 barabara ikiwa nyeupe huweza kula saa nzima na zaidi jioni. Safari nyingi za kimataifa hufunga kaunta ya mizigo dakika 60 kabla ya ndege kuruka. Anzia hapo, rudi nyuma: foleni, kutembea hadi kaunta, ndipo njia.

Reli_Kwanza: Ndiyo maana nachagua treni, haijui foleni. Ila angalia reli inaishia wapi. Treni ya sumaku ya Shanghai humaliza kilomita 30 kwa dakika kama 8, lakini kituo chake cha mwisho ni Longyang Road, si katikati ya jiji. Mabegi yanashushwa na kupandishwa tena metro. Na ndege ya saa 12 alfajiri hukutaka uwanjani saa 10 usiku, wakati reli nyingi hazijaanza kazi. Hapo ni teksi iliyowekwa jana yake, au basi la usiku.

Gatini: Boti nayo ina hesabu yake. Venice, gati la uwanja wa Marco Polo haligusani na jengo la abiria, ni mwendo wa kama dakika 10 ukiburuta mzigo. Teksi ya maji hukufikisha karibu na mlango wa hoteli, lakini maji yakijaa kupita kiasi haipenyi chini ya madaraja ya chini. Penye gati linaloelea, maji yakipwa ngazi ya kushukia huwa na mteremko mkali. Begi la kilo 23 hapo ni kazi ya watu wawili.

Kipima_Saa: Kwa hiyo boti iwe njia ya akiba tu?

Gatini: Hapana. Uwanja wa Lungi, Sierra Leone, uko ng'ambo ya maji kutoka Freetown. Kuzunguka kwa barabara ni saa kadhaa. Hapo boti ndiyo njia kuu, na barabara ndiyo akiba bahari ikichafuka.

Reli_Kwanza: Njia ya akiba isipite daraja lilelile la njia kuu. Kansai, Japani, uko kisiwani. Treni, basi na teksi zote hutumia daraja moja. Septemba 2018 kimbunga Jebi kilisukuma meli ya mafuta ikaligonga, na abiria wengi waliokwama walitolewa kwa boti za kasi hadi Kobe.